KIWANJA CHA KIGOGO HAKINA LUKU

Kijana, leo tuzungumze kodi. Usikunje uso na usikimbilie ukurasa wa michezo, Simba na Yanga watakusubiri. Najua neno lenyewe ukilisikia mkono unakwenda mfukoni kushika ulichobakiza. Ndivyo walivyokuzoesha, na ndivyo wanavyotaka uendelee, maana siku utakapolisikia neno hilo bila kuogopa, wapo watu Masaki na Mbezi Beach watakaokosa usingizi.

Anza na lugha yako mwenyewe. Kiswahili kina neno moja tu, kodi, kwa anachotoza serikali na kwa anachotoza mwenye nyumba. Wazee waliotuachia neno hili hawakuwa wajinga. Wewe uliyepanga chumba Manzese, Buza au Tandale unalipa kodi kila mwezi. Tena hulipi mwezi, unadaiwa miezi sita au mwaka mzima mkononi, na dalali naye anataka mwezi wake kwa kazi ya kukuonyesha mlango. Unapokaa kijiweni ukasema wewe hulipi kodi kwa sababu huna ajira, unajidanganya. Unalipa kuliko waheshimiwa wengi. Tofauti ni nani anaichukua.

Sasa jiulize unalipia nini. Utasema unalipia matofali, bati na saruji. Hayo ni haki ya aliyejenga, katoa jasho au katoa hela, alipwe. Lakini chukua chumba hichohicho, matofali yaleyale, bati lilelile, kipeleke Chanika ndani kabisa, utakuta bei imeshuka. Matofali hayakubadilika. Kilichobadilika ni mahali. Manzese iko karibu na soko, karibu na Barabara ya Morogoro, karibu na mwendokasi, karibu na watu wenye hela ya kununua unachouza. Hiyo ndiyo unayolipia juu ya matofali, na hiyo mwenye nyumba hakuijenga. Barabara imejengwa na hazina ya nchi, na hazina inajazwa na wewe kwa VAT ya asilimia 18 unaponunua soda, vocha na sabuni. Soko limejengwa na wateja na wauzaji. Kwa hiyo unalipa mara mbili: unalipa barabara ijengwe, kisha unalipa kodi ya chumba ipande kwa sababu barabara imejengwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya ardhi ya mjini. Mwenye kiwanja analala, mji unafanya kazi, asubuhi anaamka tajiri zaidi.

Tazama Kigamboni. Daraja lilifunguliwa Aprili 2016, mita 680 juu ya maji, na bei ya ardhi ng'ambo ya pili ikapaa hata kabla ya utepe kukatwa. Kijana wa bodaboda aliyevuka alitozwa tozo ya kuvuka. Mwenye ekari zake kumi zenye mikorosho, aliyenunua kwa taarifa za ndani wakati wananchi wengine wakisubiri kivuko Feri, nani alimtoza kwa lile daraja lililompandishia mali? Utaambiwa kuna kodi anapouza. Ni kweli ipo, anatakiwa kulipia faida. Lakini nani kamwambia auze? Na akiuza, bei inayoandikwa kwenye karatasi na bei inayohesabiwa kwenye mfuko wa nailoni ni ndugu wasiosalimiana.

Nenda Feri alfajiri uone biashara ya mtu asiye na ardhi. Samaki asipouzwa leo, kesho ni harufu. Nyanya za Ilala zisiponunuliwa mpaka jioni zinatupwa. Hata nguvu zako wewe kibarua zinaoza: siku uliyokosa kazi hurudishiwi. Kila anachouza masikini kinaoza, ndiyo maana masikini hana ubavu wa kugoma na bei. Kiwanja hakiozi. Mwenye nacho anaweka ukuta, anaweka mlinzi wa kulala, anasubiri miaka 20. Anakugomea wewe, anaigomea nchi, na kila mwaka wa mgomo wake analipwa.

Kodi ya thamani ya ardhi ni kitu kimoja tu: inakifanya kiwanja nacho kioze kidogo kila mwaka. Tuseme kiwanja kina thamani ya shilingi milioni 500, na kodi ni asilimia moja kwa mwaka. Mwenyewe anadaiwa milioni 5, awe kajenga ghorofa kumi au kafuga majani. Jengo lake halitozwi. Akijenga vyumba 40 akapangisha, ni faida yake. Akiacha majani, milioni 5 zinatoka mfukoni mwake. Hatakaa nacho miaka 20, bwana. Atajenga au atauza kwa atakayejenga, na vyumba vikiwa vingi mwenye nyumba ndiye atakayekutafuta wewe.

WALIVYOIPINDUA

Nchi yetu imefanya kinyume kabisa, na imefanya kwa sheria. Sheria ya kodi ya majengo mijini ya mwaka 1983 inatoza jengo. Siyo ardhi, jengo! Ukijenga unatozwa, ukiacha pori unasalimika. Ni kama kumpiga faini mwanafunzi anayefika darasani na kumwacha mtoro.

Halafu ikaja LUKU. Kuanzia Agosti 2021 serikali ikaamua kodi ya majengo ikatwe kwenye umeme: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Julai 2023 ikapandishwa, 1,500 na 7,500. Mahesabu ya mwaka ni 18,000 kwa nyumba ya kawaida. Nyumba ya kawaida ipi? Ya Mbagala ya vyumba sita yenye familia sita na choo kimoja, 18,000. Jumba la chini la Oysterbay lenye bustani inayotosha kuchezea ndondo, 18,000. Kama Mungu angetaka kuwatania masikini wa Dar es Salaam asingepata mzaha bora zaidi.

Na nani ananunua umeme? Mpangaji. Walitwambia mpangaji akubaliane na mwenye nyumba, wakatane kwenye kodi ya chumba. Wewe uliyewahi kumwambia mwenye nyumba wako akukate 1,500, nyoosha mkono. Sasa tazama kile kiwanja kitupu chenye ukuta, pembeni mwa bahari. Hakina mita, hakina taa, hakina LUKU. Kodi ya majengo kwake ni sifuri.

Wazee wetu waliijua kodi ya namna hii. Wajerumani waliianza 1898, kodi ya nyumba kwa kila kibanda, hawakujali kibanda kina nini ndani, na sehemu mojawapo ya hasira iliyolipuka katika vita ya Maji Maji mwaka 1905 ilitoka humo. Tulidhani imekwenda na mkoloni. Imerudi kwa tokeni.

Mwaka huohuo wa 2021, kijana, uuweke kichwani. Julai zilikuja tozo za miamala ya simu. Agosti LUKU. Oktoba machinga wa Dar wakaondolewa barabarani. Miezi minne! Tozo ya simu ilipangwa, ikapitishwa, ikaanza kukatwa, na zilipozidi kelele wakaipunguza. Serikali inayoweza kukata shilingi kwenye simu ya kila muuza mihogo kwa bajeti moja, isituambie haina uwezo wa kukihesabu kiwanja kilichokaa palepale tangu Mungu aiumbe Bahari ya Hindi. Simu unaweza kuificha. Kiwanja utakificha wapi?

Wala wasiseme hawajui kuhesabu. Kuanzia 2004 walipita mitaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke kuorodhesha vipande vya ardhi vya Uswahilini ili watu wapewe leseni za makazi, na vikaorodheshwa zaidi ya 200,000. Uswahilini, ambako nyumba zimebanana hata jeneza linapitishwa kwa kuinamishwa, waliweza. Masaki kwenye barabara pana na namba za viwanja zilizochorwa tangu ukoloni, hawawezi?

SHERIA IPO

Kuna jambo ambalo hata wasomi wetu wa upinzani hawapendi kulisema, kwa sababu linaharibu hotuba. Sheria haikosekani. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999 inasema ardhi yote ni mali ya umma, chini ya Rais kama mdhamini wa raia wote. Mwenye hati hamiliki ardhi, anamiliki haki ya kuitumia, miaka 33, 66 au 99. Yeye ni mpangaji wako! Ndiyo, huyo mwenye ukuta ni mpangaji wa umma, na umma ni wewe. Ndiyo maana analipa kile kinachoitwa kodi ya pango la ardhi. Na kifungu cha 33 cha sheria hiyohiyo kinataja thamani ya ardhi kuwa moja ya mambo ya kuangaliwa wakati wa kupanga kodi hiyo. Tena hati nyingi zina sharti la kujenga ndani ya miezi 36, la sivyo hati inaweza kufutwa.

Kwa hiyo Waziri wa Ardhi hahitaji mapinduzi. Anahitaji kalamu. Viwango vya pango la ardhi vinapangwa ofisini kwa mita ya mraba, vinatofautiana kidogo kwa eneo na matumizi, na viko mbali na bei ya sokoni kama Kivukoni ilivyo mbali na Kigoma. Wewe mpangaji wa chumba, mwenye nyumba anakupandishia kodi kila bei ya mtaa inapopanda. Umma, ambao ndio mwenye nyumba mkuu, unamtoza mpangaji wake kwa bei ya kirafiki. Na hata hiyo ya kirafiki haikulipwa. Mwaka 2022 serikali ilitangaza msamaha wa riba kwa wadaiwa sugu wa pango la ardhi. Msamaha! Lini LUKU ilikusamehe?

Sasa unielewe vizuri nikisema kurekebisha umiliki. Watu wakisikia hivyo wanadhani ni kunyang'anya. Ardhi ilishatangazwa mali ya umma na Mwingereza kwa sheria ya 1923, ingawa Mwingereza alikuwa na umma wake kichwani. Mwaka 1958 mkoloni alipotaka kuleta ardhi ya kumilikiwa moja kwa moja, Mwalimu aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akaonya kwamba ardhi ikifanywa bidhaa, wenye hela wataimaliza na wananchi watageuka wapangaji katika nchi yao. Tulipopata uhuru, mwaka 1963 umiliki wa moja kwa moja ukafutwa. Vizuri sana. Lakini tukafuta jina tukaacha faida. Hati ikabaki ya umma, hela ikaenda kwa mwenye ukuta. Kile alichokiogopa Mwalimu kimetokea huku sheria aliyoitaka ikiwa bado ipo kwenye kabati.

Ilitokeaje? Tafuta mwaka 1991.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa na miiko ya uongozi. Mmoja wa miiko hiyo ulikuwa kwamba kiongozi haruhusiwi kuwa na nyumba ya kupangisha. Wengine tuliucheka, tukauona ni wa kizamani. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Zanzibar na kuyaondoa masharti hayo: kiongozi akaruhusiwa kupangisha nyumba, kuwa na hisa, kupokea mishahara zaidi ya mmoja. Mwaka mmoja baadaye wakaturuhusu vyama vingi. Walijua mpangilio: kwanza watunga sheria wakawa wenye nyumba, ndipo sisi tukaruhusiwa kuja kubishana nao juu ya sheria za wenye nyumba.

Mwezi mmoja kabla ya kikao hicho cha Zanzibar, Januari 1991, Rais Mwinyi alikuwa ameteua Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji. Tume ikazunguka nchi, ikasikiliza wananchi, ikakabidhi ripoti Novemba 1992. Ikapendekeza ardhi itoke mikononi mwa dola: ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji, ya taifa iwe chini ya Bodi ya Makamishna wa Ardhi inayowajibika kwa Bunge. Serikali ikasema asante. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 ikaacha kila kitu mikononi mwa Rais, maana yake mikononi mwa kamishna, maana yake mikononi mwa afisa ardhi unayemjua wewe, yule ambaye faili lako likifika kwake linapata homa mpaka ulinunulie dawa.

Mnaona? Mageuzi ya ardhi hayakukosa wataalamu, yalikosa watu wa kuyapigania. Shivji alikuwa na hoja. Waliompinga walikuwa na viwanja.

Baadaye wakajiongeza. Mwaka 2002 serikali ikaanza kuwauzia watumishi na viongozi wake nyumba za serikali, zikiwemo za Oysterbay na Masaki, kwa bei zilizolalamikiwa nchi nzima. Nyumba zenyewe zilikuwa kuukuu. Hakuna aliyegombania lile bati. Kilichogombaniwa ni eneo lililo chini yake. Wengi wamebomoa, yamesimama maghorofa. Kipindi hichohicho ukaja mradi wa viwanja 20,000 Dar es Salaam: Bunju, Mbweni, Tuangoma, Buyuni na kwingineko. Wazo zuri, upimaji mzuri. Lakini bei na masharti ya malipo yakamchuja kapuku mapema, waliopata wengi wakawa wenye mshahara na wenye jamaa, na kwa miaka mingi vingi vikabaki nyasi huku wewe ukilala wanne chumba kimoja. Kama kila kiwanja kingekuwa na kodi ya thamani yake, nyasi zile zingekuwa nyumba zamani.

WAJANE WA KUKODI

Siku utakapolisema hili jukwaani watakuletea mjane. Daima ni mjane. Watasema: mama huyu wa Magomeni kaachiwa nyumba na marehemu mumewe, thamani ya kiwanja imepanda, yeye hana kipato, mnataka kumfukuza? Ni hoja yenye uzito, usiicheke, kwa sababu mama huyo yupo kweli na anaweza kuwa shangazi yako. Jibu lake ni rahisi lakini: kiwanja kidogo anachoishi mwenyewe kisamehewe mpaka kiwango fulani, na kinachozidi kiandikwe deni lilipwe siku kitakapouzwa. Mama anakufa nyumbani kwake kwa amani. Ila angalia nani anamleta mjane jukwaani. Ni yuleyule asiyekwenda kumtetea zilipobomolewa nyumba za wananchi Barabara ya Morogoro, Kimara kuteremkia Kiluvya, mwaka 2017, mamia kwa mamia bila fidia. Wajane walikuwemo. Siku ile hakuna mheshimiwa aliyetokwa na machozi. Barabara ikapanuliwa, na waliobahatika kuwa na viwanja nyuma ya zile nyumba zilizobomolewa wakajikuta wako mbele, barabarani, bei juu.

Watakuambia pia kwamba mwenye nyumba atakuongezea wewe hiyo kodi. Hapa ndipo vijana wengi wanaponaswa. Sikiliza. Mwenye nyumba hakuachii hata shilingi sasa hivi kwa huruma. Anatoza kiasi ambacho mtaa unaweza kubeba. Angeweza kutoza zaidi, angetoza jana. Kodi ya majengo anaweza kukuongezea, kwa sababu inafanya watu wasijenge na vyumba vinakuwa adimu. Kodi ya ardhi haipunguzi ardhi hata hatua moja, na inawasukuma wenye majani wote kuleta vyumba sokoni kwa pamoja. Atakuongezea kisha utahama, uende kwa jirani yake aliyelazimika kujenga.

La tatu watakuambia wawekezaji watakimbia. Wakimbie na kiwanja?

Usidhani ni Bongo tu. Uingereza mwaka 1909 waziri wa fedha, Lloyd George, alileta bajeti yenye kodi ndogo juu ya kupanda kwa thamani ya ardhi. Mabwana wa Bunge la juu, wenye ardhi wenyewe, wakaikataa bajeti nzima, jambo lililotikisa nchi. Zikapigwa chaguzi mbili mwaka 1910, na 1911 mabwana wakakatwa makucha kwa sheria. Ushindi? Kodi hiyo ilianza, ikafungwa na mahesabu ya uthamini yasiyokwisha, ikafutwa 1920, na waziri mkuu aliyekuwa madarakani ilipofutwa alikuwa Lloyd George mwenyewe, akitawala pamoja na wahafidhina waliokuwa wakiipinga.

Jirani zetu Kenya hawakuhitaji hata kuifuta. Nairobi ina kodi ya thamani ya kiwanja tangu enzi za mkoloni, inatoza ardhi bila jengo, yaani kile tunachokililia sisi. Wakubwa walifanya nini? Waliacha daftari la uthamini lizeeke. Jiji likatoza kwa thamani za mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa takriban miaka 40, huku bei za Westlands na Upper Hill zikipaa kama tiara. Kodi ya faida ya kuuza ardhi waliisimamisha 1985, ikarudi 2015. Katiba yao ya 2010 ikaliagiza Bunge liweke kiwango cha juu cha ardhi anachoweza kumiliki mtu binafsi. Bunge limejaa wenye ardhi. Kiwango hakijawekwa. Wakenya wamepata katiba, sisi tumepata kifungu cha 33, na wote tunapanga chumba.

Kwa nini inashindikana kila mahali? Kwa sababu anayetozwa anajijua, ana namba ya simu ya waziri, na anajua atapoteza kiasi gani mpaka senti. Anayefaidika ni wewe, na hujui. Faida yako itakuja kama kodi ya chumba isiyopanda mwaka kesho kutwa, kama VAT iliyopunguzwa, kama kiwanja ulichoweza kununua Kibada kwa akiba ya bajaji. Faida ya namna hiyo haipigi vuvuzela. Ndiyo maana mkutano wa hadhara ukipinga kodi mpya unajaa, na hata wewe usiye na hatua moja ya ardhi unapiga makofi kumlinda mwenye ekari mia. Umeshakuwa mlinzi wake, tena bila rungu na bila mshahara.

Na hapa niwaseme watu wetu. Upinzani tumeishi kwa kupinga kodi. Tozo ya simu tulipinga, LUKU tulipinga, na tulikuwa na haki. Lakini uliza ndani ya vyama vyetu nani yuko tayari kusimama Mwembe Yanga aseme, toeni kodi kwenye simu, kwenye umeme na kwenye mabati, muiweke kwenye ardhi tupu ya Masaki, Mbezi na Bunju. Utaona viongozi wanatazama saa. Baadhi yao wana viwanja hukohuko. Wengine wanasubiri kupata. Gazeti hili ni la chama na mhariri akitaka kuikata aya hii ana mkasi wake, lakini wanachama wanajua.

Kwa hiyo kijana, usingoje ilani. Wakija kuomba kura, wa kijani au wetu, waache wamalize nyimbo, waache wagawe fulana, kisha uliza mambo manne. Una viwanja vingapi mjini, na vingapi havina jengo? Unalipa pango la ardhi kiasi gani kwa mwaka, na risiti iko wapi? Utaunga mkono kodi ya majengo itolewe kwenye LUKU na iwekwe kwenye thamani ya ardhi, na uthamini urudiwe kila miaka michache na majedwali yabandikwe ofisi ya kata ambako kila mtu atayasoma? Na utaunga mkono fomu za mali za viongozi, zile zinazojazwa kwa Sekretarieti ya Maadili kwa sheria ya 1995 na kufungiwa kabatini, zitolewe magazetini?

Atakayejibu la kwanza kwa kusema yeye ni mtoto wa mkulima, mwambie hukumuuliza habari za baba yake.